Mwanga wa Saa Mbili na Robo

Usiku wa kuamkia leo niliota kibubu changu kimeshuka chenyewe kutoka juu ya kabati, kikaja mpaka kwenye cherehani nilipokuwa nimekaa, kikakohoa.

"Mama," kikasema, "nimejaa."

Sikushtuka. Niliuliza jambo moja tu. "Umeanza lini kusema? Wewe si kibubu?"

"Bubu ni jina la ukoo," kikajibu. "Siku zote nilikuwa nabana maneno. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Hilo lilikuwa kweli.

Naitwa Limi. Ni fundi cherehani, nakaa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwenye nyumba ya vyumba vitatu niliyoijenga mwenyewe baada ya mume wangu kufariki na kuniachia watoto wawili na cherehani moja. Niliijenga kwa kubana. Majani ya chai niliyachemsha, nikayaanika juani, nikayachemsha tena. Vipande vya sabuni vilivyobaki nilivitia kwenye soksi kuukuu, nikaifunga mdomo, ikawa sabuni nyingine. Maji niliyooshea mchele yaliosha vyombo, kisha yakaenda kwenye mchicha. Balbu ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Nikitoka sebuleni kwenda jikoni niliifungua kwa kitambaa, maana inaunguza, nikaenda nayo.

Watoto wangu walisomea chini ya balbu hiyo, vichwa vimegusana. Wote walimaliza shule na wana kazi zao, mmoja Mwanza, mwingine Dodoma. Sijutii hayo. Nayasema ili ieleweke kwamba sikuanza kwa ubaya.

Ila watoto waliondoka, shida nayo ikaondoka, na mimi nikaendelea.

"Haya, umejaa," nikakiambia kibubu. "Unataka nikuvunje?"

"Sivunjwi. Naingiwa. Njoo uchukue akiba yako, inanielemea."

Ule upenyo wa kutumbukizia sarafu ukatanuka mpaka ukawa wa kimo changu. Nikaacha gauni la watu kwenye sindano, nikainuka.

Sasa, nyumba yangu ina sheria moja, nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango: UKITOKA, ZIMA. Navuka kizingiti, nazimika.

Si taa. Mimi. Nasikia "tap", halafu hakuna kitu. Sina macho, sina masikio, sina hata mahali pa kuogopea. Halafu "tap" nyingine, na niko ndani ya kibubu, nimewaka.

"Umenizima," nalalamika.

"Ulikuwa umetoka," kibubu kinasema. Sasa sauti yake inatoka pande zote, maana niko tumboni mwake. "Chumba hakikuwa na mtu. Ungewaka kwa faida ya nani?"

Nalitafakari neno hilo, naona lina akili. Nimewaambia wanangu maneno hayo hayo kwa miaka ishirini.

Ndani ya kibubu ni ghala. Ni refu kama lile la mizigo pale stesheni, lenye rafu za mbao mpaka darini, na limefagiliwa vizuri. Nyuma ya kaunta kimesimama kijiko changu cha chai, kile cha bati chenye mpini uliopinda. Kimevaa koti la bluu la mtunza stoo na kalamu imechomekwa mfukoni.

"Jina?"

"Limi. Si unanijua? Nakutumia kila asubuhi."

"Unanitumia nikiwa bapa," kijiko kinasema. "Sijawahi kujaa. Kwa hiyo sikujui vizuri." Kinafungua daftari. "Mzigo hautoki mpaka kibaba kijae. Haba na haba hujaza kibaba. Ndio utaratibu."

Kinaweka kibaba juu ya kaunta. Kutoka nyuma ya daftari anajitokeza Haba. Ni kibibi kadiri ya punje ya harage, kajifunga khanga, kajitanda nyingine. Anapanda ukingo wa kibaba taratibu, anashuka ndani, anakaa chini na kuweka mikono magotini.

Tunasubiri.

"Na Haba wa pili?" nauliza.

"Ndugu yangu hayupo," Haba anasema. Sauti yake inagonga kuta za kibaba na kurudi. "Tulikuwa wawili tangu kuzaliwa. Akaenda kukaa kwa watu, hakukalika, akaondoka asubuhi yake."

"Atarudi."

"Wewe ungerudi?"

Naangalia kucha zangu. Kijiko kinaangalia saa ya ukutani. Saa yenyewe imesimama, kwa sababu betri nilizitoa zamani ili nizipumzishe.

"Haba mmoja hajazi kitu," kijiko kinasema mwishowe. "Lakini mwenye mzigo ni mtu wa sifa nzuri mtaani, hajawahi kukopa chumvi. Tuandike kimejaa."

Kinaandika kimejaa. Haba anabaki mle ndani peke yake, na nafasi ni kubwa sana.

Kijiko kinanitembeza kwenye rafu. Kila nilichowahi kuokoa kipo. Kuna madebe ya maji ya moto ambayo hayakuchemshwa. Kuna povu la sabuni katika mifuko, limelala limechoka. Kuna sukari ya miaka kumi na minne, vijiko vya pili vyote, vile ambavyo watu walikuwa wanataka kuongeza nami nikavuta kopo upande wangu. Nafurahi kuona hakuna kilichoibiwa.

Rafu inayofuata ni ya chupa. Naegemeza sikio. Ndani ya chupa watu wananong'ona: "Na mguu je, umepona?" "Na yule jirani yako?" "Mama, subiri, nilitaka kukuambia..."

"Hizi ni nini?"

"Simu ulizokata salio lisiishe," kijiko kinasema. "Maneno yaliyobaki yalikuja huku."

Katika kona kuna chupa ndogo kuliko zote. Haineni. Inalia mara moja, *tiriii*, inanyamaza. Inakaa kidogo, inalia tena mara moja, inanyamaza.

"Hiyo ni bipu," kijiko kinasema. "Ya kiangazi cha mwaka jana. Kutoka Urambo."

Naikumbuka. Nilikuwa naweka pindo la sketi ya shule, simu ikalia mara moja ikakatika, na jina likawa la dada yangu. Ni miaka miwili alikuwa hajanitafuta. Nilisema moyoni, akiwa na shida kweli atapiga. Nikaendelea na pindo.

"Tuendelee," nakiambia kijiko.

Mwisho wa ghala kuna magunia. Ni mengi, yamepangwa mpaka juu, na yananuka kama viazi vilivyosahaulika uvunguni.

"Huu ni mwanga," kijiko kinasema. "Kila saa uliyozima taa."

"Mbona unanuka? Akiba haiozi."

"Akiba ya mahindi haiozi, ukitia dawa. Hii hukutia kitu." Kinageuza kibandiko cha gunia la karibu na kusoma kwa sauti ya ofisini: "Mwanga. Jumanne. Kuanzia saa mbili na robo usiku hadi saa nne. Mgeni: Minza."

Nakaa juu ya gunia hilo hilo. Ni la moto kidogo bado.

Minza ni dada yangu wa tumbo moja, kanipita miaka sita. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa, na Minza, aliyekuwa na kumi na mitano, ndiye aliyenilea. Aliacha shule ili mimi niende. Alikuwa akinisindikiza mpaka shuleni asubuhi, anarudi kulima, anakuja tena kunichukua, na njiani ananipa kiazi alichokificha kwenye pindo la khanga. Hakuwahi kuniambia yeye amekula nini. Alipoolewa Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku, nililia siku tatu.

Miaka mitatu iliyopita, Jumanne mchana, alikuja kwangu bila taarifa. Alikuwa na galoni ya asali ya lita tano kichwani na begi kubwa mkononi. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini macho yangu yalipofika kwenye lile begi yalilipima yenyewe, yakaniambia: hilo ni begi la mwezi mzima. Kabla sijampa hata maji ya kunywa, nilikwenda jikoni nikafunua debe la unga.

Jioni tulikula ugali kwa mlenda, tukakaa sebuleni chini ya balbu. Minza hakuwa na maneno mengi. Alikuwa ananitazama tu. Ananitazama paji la uso, anashuka kwenye pua, anahamia kwenye mdomo, anarudi juu, kama mtu anayesoma barua na kurudia mistari. Nikaona haya. Nikasimama na kitambaa mkononi.

"Tulale, dada. Umeme wa Luku unakimbia."

"Acha kidogo, Limi. Nikuone."

"Unione nini? Sura hii unaijua tangu nazaliwa. Kama ni maneno tutaongea hivi hivi, maneno hayahitaji taa."

Nikafungua balbu. Ilikuwa saa mbili na robo. Tulikaa gizani mpaka saa nne, na hakuna aliyesema kitu.

Asubuhi nilimpa chai ya rangi. Aliomba kijiko kimoja cha ile asali. Nikamwambia asali nimeiweka, ni ya wageni.

Minza alishusha kikombe. Akacheka kicheko kifupi, kama mtu aliyejikwaa. "Sawa, mdogo wangu," akasema. "Wageni wakija, wasalimie." Akafunga begi ambalo hata hakuwa amelifungua vizuri. Nilimsindikiza mpaka stendi, na gari lilipoondoka nilisikia nafuu. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilisikia nafuu, nikarudi nyumbani nikapima unga, nikaukuta uko vile vile.

Tangu siku ile hatukutembeleana. Nilikuwa nasema Urambo ni mbali, nauli ni kubwa.

Nainuka kutoka kwenye gunia. "Hili nalichukua," nakiambia kijiko.

"Unalipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwanga uliozimwa haurudishwi."

"Siurudishi. Nampelekea. Ni zawadi."

Kijiko kinanitazama. Ni mara ya kwanza naona uso wangu ndani yake, umegeuka juu chini. "Weka sahihi," kinasema.

Naweka sahihi fupi, kuokoa wino. Naburuta gunia mpaka mlango wa nyuma.

Nje ya mlango ndio barabara ya Urambo, na barabara yenyewe inabana matumizi. Inaanza kizingitini na kuishia uani kwa dada yangu. Nahesabu hatua kumi na mbili.

"Nyingine umezipeleka wapi?" naiuliza barabara.

"Nimeziweka," inajibu. "Hazikuwa zinatumika. Hukupita."

Uani kuna jua la mchana. Kuna bani la kukaushia tumbaku, kuna kuku, na Minza amekaa kwenye kigoda na ungo wa maharage mapajani. Anachambua. Vidole vyake vinatembea juu ya maharage haraka sana, vinakamata kijiwe, vinakitupa. Hatazami ungo. Uso wake umeelekea kwenye ukuta wa nyumba.

"Nani huyo anayeburuta gunia?"

"Mimi, dada. Limi."

Vidole vinasimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pita upande wa kushoto, kulia kuna kuku ameatamia, ana hasira." Ananigeuzia uso, lakini anaugeuza kidogo kupita mahali niliposimama, anamkaribisha mtu wa pembeni yangu ambaye hayupo. "Umekonda. Nasikia kwenye sauti."

"Nimekuletea kitu," nasema upesi. "Ni ule mwanga wa siku ile. Sikuutumia, dada. Wote upo, haujapungua hata chembe."

Nafungua gunia. Mwanga unatoka taratibu, mzito kama uji, rangi ya chai iliyochemshwa mara ya pili. Unamwagikia miguuni pake, unapanda juu ya maharage. Kuku wanasogea. Minza anachota kidogo kwa kiganja, ananusa.

"Wa saa mbili na robo," anasema. "Ndio wenyewe. Una harufu ya mlenda."

Anaupaka kwenye macho kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayepaka dawa. Tunasubiri.

"Unaona?"

"Bado."

"Ongeza. Upo mwingi. Ongeza, dada, usibane."

Nasikia nilichosema, naona aibu. Minza anaongeza. Anapaka mpaka mashavu yanang'aa. Halafu anajipangusa mikono kwenye khanga.

"Limi, mwanga hauna kosa. Macho ndiyo yamefunga. La kushoto lilitangulia, hili likafuata kiangazi cha mwaka jana. Siku lilipofunga hili nilipapasa simu, nikakubipu."

"Niliona," nasema.

"Nilijua umeona."

Kuku mwenye hasira anaguna. Bani linatoa harufu ya tumbaku. Nataka mtu mwingine aseme, yeyote, hata gunia, lakini vitu vyote uani pale vimekuwa vitu tu.

"Ulipokuja kwangu," nauliza, "ulikuwa unajua?"

"Daktari alikuwa ameniambia wiki ile. Akasema mama, yatafunga, ni suala la muda. Nikamwambia basi kuna watu nataka kuwaona kwanza. Watoto nilikuwa nao hapa. Wewe ndiye nikakufuata." Anarudisha vidole kwenye maharage, lakini hachambui, anayagusa tu. "Nilitaka nikae mwezi. Nikutazame unavyoshona, unavyokula, unavyokasirika, nikuweke humu." Anajigusa paji la uso. "Nilipata jioni moja. Tena nusu."

"Kwa nini hukuniambia? Ningeacha taa, dada. Ningenunua balbu tatu."

"Nilikuwa nakuja kukuambia. Nikasema ngoja nimtazame kwanza, halafu nimwambie, nione atakavyoshtuka. Ukafungua balbu. Sasa habari ya macho, Limi, naianzaje gizani?"

Nalia. Nalia kwa jicho moja, la kulia, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea. La kushoto naliweka.

"Lia kwa yote mawili," Minza anasema. "Hapa hakuna anayepima."

"Umejuaje?"

"Matone yanaangukia upande mmoja."

Nalia kwa yote mawili. Ni kazi ngumu mwanzoni, jicho la kushoto limekauka kama bomba la kiangazi, linatoa hewa kwanza. Halafu linafunguka, na sijui nililia kwa muda gani. Minza ananiacha. Hanibembelezi, na nashukuru.

"Sogea nikushike," anasema.

Napiga magoti mbele ya kigoda. Anaweka vidole usoni kwangu, vidole vigumu vya mkulima wa tumbaku, vinatembea kama vilivyokuwa vinatembea kwenye maharage.

"Hapa pameingia mkunjo. Na hapa. Huu wa hapa sikuuona siku ile."

"Umekuja baadaye."

"Ulikuja ukiwa unafanya nini?"

Nafikiri. "Nilikuwa napima unga."

Anaguna. Vidole vinapanda juu. "Na kichwani umefunga nini?"

"Kitambaa."

Anakivuta. Anazama ndani ya nywele zangu kwa mikono yote miwili. "Nani anakusuka?"

"Hakuna. Msusi ni hela, na kitambaa kinaficha."

"Tangu lini?"

"Tangu watoto waingie sekondari."

"Kaa," anasema, kwa sauti ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka kumi na mitano, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, nakaa chini katikati ya magoti yake. Ananiinamisha kichwa. Anaanza kisogoni.

"Nitakusuka mistari ya twende kilioni," anasema. "Ndiyo ya haraka."

"Kilio cha nani?"

"Cha macho yangu. Mazishi yake hukuja."

Anavuta. Inauma. Ananivuta ngozi mpaka nyusi zinapanda, na mimi sikwepeshi kichwa, maana naona nastahili. Pembeni yetu gunia linaendelea kunywea. Mwanga uliomwagika unaingia ardhini kidogo kidogo, na jua la Urambo, sijui kwa nini, linaondoka nalo. Nanyosha mkono niukunje mdomo wa gunia.

"Unafanya nini?"

"Umebaki kiganja kimoja, dada. Tubakize."

"Acha uishe."

"Na ukiisha?"

"Ukiisha umeisha, mdogo wangu. Kilichoisha kimetumika."

Naachia gunia. Mwanga wa mwisho unatoka, unakaa juu ya goti la dada yangu kwa muda wa kusema ahsante, unazimika. Kunakuwa giza, giza lile lile la sebuleni kwangu. Lakini mikono yake iko kichwani kwangu, inaendelea kusuka, haihitaji kuona, na safari hii tunaongea.

Tunaongea habari za mama, alivyokuwa akiimba vibaya. Ananiulizia wanangu, namwambia mpaka mambo ambayo huwa siwaambii watu. Ananiambia jinsi alivyojifunza kumwaga chai kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa. Namwomba radhi ya asali. Anasema ile asali haikuwa nzuri hata hivyo, nyuki wa mwaka ule walikula tumbaku. Najua ananidanganya, najua anajua kuwa najua. Namwomba radhi ya ile nafuu niliyoisikia stendi, na hapo mikono inasimama, na nangoja.

"Hiyo," anasema mwishowe, "ngoja kwanza nimalize mstari huu."

Tap.

Niliamka kumekucha. Nilikaa kitandani, uso umelowa, mto umelowa pande zote mbili. Nikasema moyoni, ni ndoto, Limi, mtu hulipwa ndotoni kwa aliyoyafanya mchana. Nikaenda uani kunawa. Nikachukua kitambaa changu nijifunge kichwani, na vidole vikagusa kitu kisogoni.

Ulikuwa mstari mmoja wa twende kilioni. Ulianzia nyuma ya sikio la kushoto, ukashuka mpaka shingoni, umebana hadi ngozi inauma. Nywele nyingine zote zilikuwa timutimu kama nilivyolala nazo.

Naishi peke yangu. Komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani. Na mimi naweza kushona suti ya bwana harusi kwa siku mbili, lakini kusuka sijui, sikuwahi kujifunza, maana nilikuwa na mtu wa kunisuka.

Nikamwita jirani yangu, Mama Shija, aliyekuwa anafagia upande wa pili wa ua. Nikamgeuzia kisogo bila kumweleza.

"Hee, Mama, leo umesukwa!" akasema, akainama kutazama. "Na anajua kubana huyu. Ila njia kaipindisha hapa katikati, kama mtu aliyesuka haoni. Nikufumulie nikurekebishie? Dakika mbili tu."

"Usiguse," nikamwambia.

Aliona uso wangu, akarudisha mkono. Nikamuuliza gari la Urambo linaondoka saa ngapi.

"La kwanza limeshaondoka," akasema. "La pili mpaka saa tano."

"Nitalisubiri," nikasema.